Jina Chini ya Chokaa

Jumamosi, 1 Februari 2025

Mama ametoa wosia leo. Kwa sauti ileile ya kuagiza nyanya sokoni! Akifa azikwe Mikindani, ubavuni kwa mama yake. Siyo kule makaburi mapya. Kisha akaomba maji.

Miguu imevimba tena mpaka magotini. Daktari anasema moyo umechoka. Haya, moyo unapumzishwaje?

Shafii alikuwepo. Baba yake na Mama ni baba mmoja, mama mbalimbali, kwa hiyo huyo bibi si bibi yake. Ni mjumbe wa kamati ya makaburi ya zamani, na anapenda kila mtu alijue hilo. Akakohoa. Akasema Shangazi, pale pamejaa. Kamati imepitisha: anayezikwa pale sasa ni mwenye mzazi wake au mwenza wake pale, na jina la huyo mtu lisomeke kwenye jiwe. Maana kila mtu anakuja na bibi yake, watu wanagombana, jeneza linasubiri juani.

Mama akasema mama yake ana jiwe, na jiwe lina jina, alikatiwa na fundi kwa herufi za Kiarabu: Mwanaidi binti Yusufu. Na kila Shaabani linapakwa chokaa, hajawahi kuruka mwaka. Shafii akasema basi vizuri, kazi ndogo, tukalitazame.

Kazi ndogo. Tutaona.

Jumapili, 2 Februari

Nimekwenda Mikindani na Shafii kwa bajaji. Njia nzima ananung'unika, mwanamke makaburini. Nikamwambia siendi kuzika, nakwenda ziara, tena nimejifunika kuliko wewe. Dereva alicheka, nikamkata jicho.

Safu yenyewe fupi, mawe manne, karibu na ukuta. La pili ukitoka mlangoni ndilo letu. Loo! Jeupe pe pe pe! Chokaa juu ya chokaa juu ya chokaa, mpaka pembe zote zimekuwa duara. Herufi? Hakuna hata moja. Nimepapasa kwa kiganja, laini kama bakuli.

Kaka yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akienda kulipaka kila mwaka. Alikuwa hafanyi kazi nusu nusu, yule. Baada yake wakaendelea vijana wa kamati.

Jirani yake kuna jiwe la kijivu ambalo halijawahi kupakwa kitu. Limeliwa, lina vishimo, juu yake kuvu ya manjano. Katikati ya hilo na letu kuna nafasi ya mtu mmoja. Niliipima kwa macho, halafu nikaona haya. Mama yuko hai nyumbani anakunywa uji.

Shafii akasema jina lisiposomeka kamati haiwezi. Eti na yeye mikono yake imefungwa. Aliyeifunga ni yeye mwenyewe! Sikumwambia. Nilikuwa nimechoka.

Jumanne, 4 Februari

Saa ya chakula nimetoroka ofisini — malori ya korosho yamejipanga, simu za mawakala haziishi, meneja ananiita kila dakika — nikaenda kwa fundi Emmanueli, barabara ya bandarini. Anatengeneza misalaba na makaburi ya terazo. Baba yake alikuja kutoka Songea kufanya kazi bandarini, naye kazaliwa hapahapa Rahaleo, mtaa wa pili na kwetu. Nikamweleza. Akasema dada Yasmini, njoo kwanza nikuonyeshe kitu. Akanipeleka kwenye makaburi ya Kikristo.

Sikujua kama mawe nayo yana tabia! Kuna la marumaru nyeupe, la padri mmoja wa zamani. Ukilitazama kwa mbali zuri, ukisogea herufi zimelegea kama maandishi ya kwenye sabuni iliyotumika. Fundi anasema marumaru inalambwa na mvua, kidogo kidogo, kila masika. Pembeni kuna jiwe jeusi la bara, gumu. Rangi ya dhahabu imeondoka yote lakini herufi zina makali, unaweza kujikata. Halafu yale ya saruji, jamani. Watu walichota mchanga wa pwani kupunguza gharama, chumvi ikabaki ndani, uso wote umebanduka. Mwenyewe kafa juzi tu na jina limeshamfuata.

Nikamuuliza la kwetu, tumbawe. Akasema hilo likitoka chini ni laini, unalikata hata kwa panga, baadaye linakaza. Lakini lina matundu. Upepo wa baharini unaingiza chumvi, chumvi inavimba ndani na kusukuma ngozi ya jiwe. Upande unaotazama bahari ndio unaoanza kufa.

— Na likipakwa chokaa?

Akacheka. Hapo ni nguo juu ya nguo, akasema. Wewe hulioni jiwe, lakini na mvua nayo hailioni.

Nimerudi ofisini nimechelewa na viatu vina udongo. Meneja alitazama viatu.

Alhamisi, 6 Februari

Mama kalala vibaya. Asubuhi ameuliza kama nimeliona jina. Nikasema bado, Mama, Jumamosi. Akasema sawa. Hakula mkate.

Jumamosi, 8 Februari

Tumekwenda na fundi alfajiri, jua lilipoanza kuchomoza. Anasema jina halisomwi mchana, jua likiwa utosini halina kivuli. Mwanga lazima uje ubavuni. Tukajifunika shuka mimi na yeye na jiwe, akawasha tochi ya simu akailaza kabisa pembeni. Mtu angepita angesema nini! Mimi, mtoto wa Bi Tabu, ndani ya shuka na fundi wa misalaba, makaburini! Nilicheka mpaka machozi, fundi akaniambia dada, tulia, unatingisha kivuli.

Na kweli — mabonde! Madogo sana. Mistari miwili ya mabonde, inatoka kulia kwenda kushoto. Jina limo humo chini. Nimeliona limelala kama mtoto chini ya blanketi, huoni sura ila unajua yupo.

Nikataka tukwangue papo hapo. Akakataa katakata. Jiwe limelowa, mvua ya wiki nzima imo ndani, ukibandua chokaa sasa inatoka na ngozi ya jiwe. Lipate jua siku kadhaa likauke mpaka ndani. Nikamwambia mama yangu hana siku kadhaa. Akasema pole, dada, lakini jiwe halijui hilo.

Nimemwambia Mama jina lipo. Alitabasamu mpaka pengo likaonekana.

Jumanne, 11 Februari

Mvua. Mvua. Mvua! Jana usiku kucha na leo tena. Nimesimama dirishani ofisini natazama makontena yanavyooshwa, nikayatukana mawingu kimoyomoyo. Halafu nikaomba radhi.

Alhamisi, 13 Februari

Jua limetoka. Kali. Alhamdulillah.

Lakini meseji ya Shafii: vijana wanapaka chokaa makaburi yote Jumanne ijayo, kabla ya Ramadhani. Nikampigia, la bibi msiliguse. Akasema hawawezi kuruka moja, watu watasema. Watu watasema! Wapo pale wamelala, watasema nini?

Jioni nimemkanda Mama miguu. Macho yake sasa hayaoni kitu, mtoto wa jicho amefunika yote mawili. Akanisimulia siku waliyomzika bibi. Wanaume walikwenda, wanawake wakabaki ndani, kama ilivyo. Kwa hiyo yeye mwenyewe kaburi hajaliona hata mara moja! Sikuwahi kulifikiria hili. Baba yake ndiye aliyemwambia: mama yako ni wa pili ukitoka mlangoni. Naye, baba yake alipofariki, akamwambia kaka yangu hivyohivyo, la pili ukitoka mlangoni, nenda kalipake.

Na chokaa Mama alikuwa akiizima kwa maji mwenyewe uani kwenye pipa, hakutaka ya dukani. Aliichuja kwa kipande cha kaniki. Kisha siku ya kupaka hukaa chumbani anasoma Yasini mpaka kaka arudi na ndoo tupu. Kila mwaka.

Nimemwambia sasa lala. Akasema hajachoka, lakini akalala.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekaa kwanza ndipo naandika.

Tulianza alasiri, jua limekaa ubavuni. Fundi alikuwa na burashi laini na kijiti cha mbao, chuma hakukigusa. Akawa anagonga pole, pole, anasikiliza. Pakatoa sauti ya uwazi. Akaniambia shika hapa kwa viganja viwili. Likatoka ganda zima, kubwa kama sahani ya pilau.

Nikatazama jiwe. Hakuna kitu! Unga mtupu, vishimo, kama sifongo. Jiwe lilikuwa bado na unyevu ndani, ngozi yake yote imeng'oka na chokaa. Nikapiga kelele, fundi umeliua! Umemuua bibi yangu! Mtu wa watu akaweka kijiti chini. Alichukua ganda mikononi mwangu akaligeuza.

Herufi ziko nyuma ya ganda. Zimesimama, zimevimba, kila moja. Chokaa ya kwanza kabisa iliingia ndani ya maandishi ikaganda humo, na ndiyo iliyobaki na jina. Ila zimegeuka, zinatoka kushoto kwenda kulia. Nikatoa kioo cha poda kwenye mkoba, nikakielekeza. Kwenye kioo zikanyooka.

Nikasoma. Nikafuta kioo kwa kanga nikasoma tena.

Jumanne bin Ayubu.

Limekamilika hadi nukta. Mwanamume! Hatumjui, hatuna Ayubu kwetu, wala sijawahi kusikia. Fundi hajui herufi za Kiarabu, akaniuliza dada, ndiye bibi? Nikasema zimekatikakatika, nitalisoma vizuri nyumbani. Akaniamini. Alifurahi jamaa wa watu, akalifunga ganda kwa kitambaa akasema usilibane, dada, hilo ni vumbi lililoshikana tu.

Yeye anakusanya vifaa, mimi nikazunguka kidogo. Ndipo nikauona ukuta. Upande wa pili wa safu kuna kipande cha matofali ya rangi nyingine, pana kama mlango. Ni mlango uliozibwa! Nikamuuliza mzee wa nyumba ya jirani aliyekuwa akifagia. Akasema ndiyo, mlango wa zamani ulikuwa pale, walipojenga ukuta upya wakauhamishia barabarani.

Nikahesabu kutoka pale kwenye matofali. La kwanza. La pili.

Ni lile la kijivu.

Kaka alifuata maneno kama alivyoambiwa, ila aliingilia mlango mpya. Kwa hiyo miaka yote hiyo Mama anamsomea Yasini mwanamume asiyemjua. Na kwa sababu ya chokaa yake huyo mwanamume jina lake halijapotea hata nukta. Mama yake mwenyewe, hatua mbili pembeni, mvua na chumvi vimemlamba, hakuna aliyemvisha nguo. Nimelipapasa lile jiwe la kijivu pande zote, ule upande wa bahari na ule mwingine. Nikalimulika na tochi, nikajifunika shuka peke yangu. Hakuna. Hata mkwaruzo.

Nililia pale. Fundi akadhani ni furaha.

Jumapili, 16 Februari

Sijamwambia mtu. Mama kauliza, nikasema bado nalisafisha.

Nafikiri hivi. Nikisema kweli, kwamba lile jeupe ni la Jumanne, Shafii atauliza bibi yuko wapi basi. Nitamwonyesha jiwe lisilo na herufi. Atasema kamati inataka jina. Mama ataenda makaburi mapya, peke yake, kule kwenye vumbi.

Nikisema uongo, kwamba limeandikwa Mwanaidi binti Yusufu, watamchimbia ile nafasi katikati. Upande mmoja Jumanne wa watu, upande wa pili lile la kijivu. Uongo unamfikisha Mama anakotaka na ukweli unamzuia! Haki ya Mungu sijui nani alipanga mambo hivi.

Na kama la kijivu nalo si yeye? Jiwe lisilosema kitu haliwezi kukuambia umekosea. Ninachojua ni mlango uliozibwa tu.

Mchana Shafii kapiga simu. Kafurahi kusikia kwa fundi kwamba jina limetoka. Kesho asubuhi atapita alione kabla ya kikao. Anasoma hizo herufi kuliko mimi, alishawahi kufundisha madrasa. Nikasema karibu. Nini kingine ningesema!

Mama leo hajala kabisa. Pumzi fupi. Nimemwekea mito mitatu aegemee. Nampenda mpaka naumwa, na sijui namfanyia mema au mabaya.

Jumatatu, 17 Februari

Naandikia jikoni, birika liko motoni, Shafii yuko chumbani kwa Mama. Naandika haraka.

Asubuhi kabla hajafika Mama akaniambia lete. Lete nini? Hilo jina, akasema, nasikia unalizunguka tangu juzi kama paka na samaki wa moto. Nikamletea. Nikafungua kitambaa nikamwekea mapajani, juu ya kanga, herufi zikitazama juu. Akaniambia haya, nisomee.

Nikasoma. Nikasema: Mwanaidi binti Yusufu.

Sauti ilitoka vizuri kabisa. Nilijishangaa.

Akaweka kidole juu ya ganda, akakipitisha polepole, herufi moja moja. Mama alihitimu Kurani kabla mimi sijazaliwa, na macho yalipoanza kufa aliniambia bado anaziona herufi zote kichwani. Kidole hakikutoka kulia kwenda kushoto kama mtu anavyosoma msahafu. Kilitoka kushoto kwenda kulia, kama nilivyoziona mimi kule kabla ya kioo. Alifika mwisho. Akarudi mwanzo akapita tena.



Akasema, "Umesoma vizuri, mwanangu."

Kisha akauliza lile jiwe la jirani, lile nililosema la kijivu, limebaki na herufi hata moja? Nikasema hapana, Mama. Hata moja, akasema. Nikasema hata moja. Nikataka kumwambia habari ya mlango, nikaanza, Mama, unajua ule ukuta — akanipapasa mkono akasema basi, basi. Niambie tu, nafasi yenyewe iko katikati yao? Nikasema iko katikati. Akashusha pumzi ndefu, na uso ukalegea. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, na yangu hivyohivyo.

Hodi ya Shafii. Akaingia na kanzu imepigwa pasi, amefurahi kweli, masikini. Shangazi, habari ya asubuhi, nasikia bibi kapatikana! Mama akaitikia vizuri. Ganda halikuwa tena mapajani. Limeingia chini ya kanga, mkono wake wa kulia uko humo. Akaniambia Yasmini, mgeni hana chai. Nikaja huku.

Sasa namsikia Shafii. Naomba nilitazame, Shangazi, nina kikao saa nne. Mama anamwambia chai kwanza. Shafii anacheka. Anasema chai itakuja, nipe tu nisome.

Nimechungulia kwenye upenyo wa pazia. Shafii amenyoosha mkono. Mama ametoa wake, ameufumba, vidole vimekaza mpaka mishipa imesimama. Sikujua kama bado ana nguvu hizo! Unga mweupe unamtoka katikati ya vidole, unadondoka kwenye shuka. Anasema kwa upole kabisa ah, Shafii mwanangu, limenivunjikia, mikono ya kizee hii.

Shafii anautazama ule unga kwenye shuka.

Anasema haidhuru, Shangazi, haidhuru. Ananiita.

"Yasmini! Si ulipiga picha?"

Nilipiga, palepale makaburini, na jina lote linasomeka. Simu hii hapa pembeni ya jiko, ina chaji. Maji yamechemka. Mama naye ananiita, anasema niongeze tangawizi